Siku Nilipoacha Kazi ya Sufi

Mwanangu Shabani,

Marahaba, maana najua ukiifungua barua hii utaniamkia moyoni kabla hujasoma neno. Nimeiandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni alizonifundisha marehemu babu yako, kwa sababu hizi zenu za skuli mkono wangu huzichora kama kuku anayeparura. Naandika sasa, baada ya sala ya alasiri, wakati umekwenda Dunda kuagana na wenzako. Ukirudi nitakutazama usoni na maneno yatanikwama.

Habari za nguo na chakula sitazigusa. Shangazi yako amekwisha kuzisema, akazirudia, na alipoanza tena jana nilikuona unahesabu boriti za dari. Mimi nataka kulijibu swali lako.

Juzi, ulipokuwa unafunga sanduku, uliniuliza bila kuinua kichwa: "Mama, hivi nikifika huko Dar es Salaam kwenye kiwanda cha chapa nikaona kazi haichukuliki, nikaiacha, itakuwaje?" Nami nikakukatia kwa ukali: "Hujaondoka, unaulizia kurudi? Mwanamume haachi kazi." Ukaendelea na kamba zako. Tangu hapo nimekuwa nikijisuta. Yale yalikuwa maneno ya woga. Tena mimi mwenyewe niliwahi kuacha kazi, na wewe ulikuwepo, ila hukuwa na meno.

Baba yako, Mungu amrehemu, alifariki mimba yako ikiwa kubwa. Eda yangu ilikwisha siku ulipozaliwa, na arubaini ilipopita nikatazama mle ndani: mimi, bibi yako mzaa mama, wewe, na cherahani ya baba yako ambayo sikujua kuiendesha. Ndugu walisaidia mpaka wakachoka, wala siwalaumu, miaka ile kabla ya vita kila nyumba ilikuwa na lake. Nikajitanda kanga nikaenda kuomba kazi kwenye ghala la sufi, ile pamba ya mti wa msufi ya kujazia mito.

Ghala lenyewe halipo tena. Tajiri alinunua sufi kutoka mashambani, na sisi wanawake tuliketi juu ya majamvi, tukiichambua kutoa mbegu kabla haijafungwa matumba. Tulijifunga vitambaa puani, lakini kile kitu huingia tu. Jioni tulitoka na nyusi nyeupe na kope nyeupe, tukawa tunaamkiana njiani, "Shikamoo bibi!" "Marahaba mjukuu wangu!" na kucheka hadi mlangoni kwetu. Nilikuwa msichana bado, Shabani. Huwezi kunifikiria hivyo, lakini nilikuwa.

Nyapara wa kwanza alikuwa mzee mmoja akiitwa Feruzi. Adhuhuri alituachia mlango wazi. Mimi nilitoka mbio, nakuja nakunyonyesha, bibi yako ananitia matonge mawili kinywani huku wewe umening'inia, kisha narudi mbio. Tuliishi hivyo, na hatukulalamika.

Sisi wanawake wa ghala tulikuwa na chama chetu. Tulikiita Chama cha Kibaba. Kila Ijumaa kila mmoja alipeleka kibaba cha nafaka nyumbani kwa Bi Kidawa, mkubwa wetu, akamimina katika mtungi mkubwa uliokaa ukumbini kwake. Aliyeugua, aliyefiwa, au aliyeachishwa kazi, alipewa pishi ya mchele kila Ijumaa mpaka asimame tena. Aliyeacha kazi mwenyewe hakupewa. Sharti hilo lilikuwa na sababu. Zamani, kabla sijaingia, mmoja alichoka kuchambua akaenda kukaa kwake, akawa anakula mtungini huku wenziwe wanameza vumbi. Kwa hiyo likawekwa, na sote tukalikubali.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo sipendi kulisema.

Kulikuwa na mwenzetu mmoja jina lake Mosi, mtu mpole, mwenye kusema kidogo. Siku moja hakuja kazini, na siku iliyofuata hakuja. Ijumaa akaonekana kwa Bi Kidawa, amekaa karibu na mlango.

Bi Kidawa akamuuliza, "Mosi, umeachishwa au umeacha?"

"Nimeacha, bibi. Kifua."

Alitaka kuendelea, nilimwona anavuta pumzi. Mimi nikadakia: "Kifua? Kifua tunacho sote, Mosi!" Nikajipiga hapa kifuani, mama mwenye kunyonyesha, unaelewa nilivyokuwa. Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Bi Kidawa alijifuta machozi. Nami, nikuambie ukweli, nilifurahi. Tangu nifiwe nilikuwa mtu wa kuhurumiwa tu, ilikuwa muda mrefu sijachekesha watu. Mosi akatabasamu na yeye, akangoja tutulie, kisha akaaga. Hakupewa kitu. Baadaye nikasikia amehamia Kerege kwa kaka yake.

Haikupita miezi mingi Mzee Feruzi akaondolewa, akaletwa nyapara mwingine, Salimu, kijana. Ilisemekana sufi inaibwa, wanawake wanaificha ndani ya kanga wakatengeneze mito. Pengine kweli, sisemi. Amri ikatoka kwamba mlango ukifungwa asubuhi haufunguliwi mpaka jioni.

Usione haya nikikuambia haya, mwanangu, maziwa yalikuwa yako. Ikifika adhuhuri yalinijaa mpaka nikashindwa kuinua mkono. Kanga ililoa, sufi ikanata juu yake, nikawa kama kifaranga. Huku nyumbani bibi yako alikupa uji kwa kijiko, ukautema. Alikupa maji ya sukari, ukayatema. Ulilia mpaka sauti ikakauka, ukalala ukinyonya pembe ya kanga yake. Nilikukuta hivyo kila jioni. Mapaja yako yakaanza kulegea, ngozi ikawa kubwa kuliko mwenyewe. Bibi yako hakunisema, alikuwa akikuweka mikononi mwangu na kwenda jikoni.

Siku moja akashindwa. Alikubeba mchana, jua la utosi, akaja nawe mpaka mlangoni pa ghala. Mimi niko ndani, nachambua, mara nikasikia kilio. Kulikuwa na watoto wengi mjini, lakini mama humjua wake. Wenzangu wakanitazama. Nikainuka, nikaenda kwa Salimu, aliyekuwa ameketi karibu na komeo na ufunguo wake.

Sasa nisikilize. Maneno yalikuwa mepesi: "Huyo ni mwanangu, ananyonya, nifungulie mara moja." Sikuyasema. Walikuwepo wanaume wanaobeba matumba, na mimi binti wa mwalimu wa chuo cha Kurani, mjane wa fundi cherahani aliyejulikana mji mzima, niliona haya kumwomba kijana asiye ndugu yangu ruhusa ya kunyonyesha. Hasira na haya vikachanganyika. Nikasema, "Fungua. Naacha kazi."

Akashangaa. "Unaacha? Kwa nini?"

"Nimechoka."

"Ukitoka hapa, dada, hurudi."

"Nimekuomba kurudi?"

Akafungua. Nikavuka njia, nikaketi ukutani upande wenye kivuli, nikakunyonyesha. Ulinyonya kwa ghadhabu, unanikazia macho kama kadhi. Bibi yako alisimama mbele yetu ametanda kanga yake kutukinga na wapita njia. Saa ile nilijiona nimeshinda.

Ijumaa nikaenda kwa Bi Kidawa. Mchele ulikuwa umekwisha. Nikaketi, na bila kukusudia nilikuwa nimeketi palepale karibu na mlango.

"Mwanaisha, umeachishwa au umeacha?"

Ningesema nini? Wote walinisikia siku ile. "Nimeacha, bibi."

"Kwa nini?"

Nikafungua kinywa nieleze habari ya mlango na maziwa. Mwanamke mmoja nyuma, wala sikumwona ni nani, akasema taratibu, "Kifua tunacho sote."

Hakuna aliyecheka safari hii, lakini lilitosha. Nikasema, "Basi, yaishe," nikatoka. Njiani ndipo nilipomkumbuka Mosi na ile pumzi aliyokuwa akiivuta.

Tulikula mihogo na chumvi. Bibi yako aliningoja niseme lililotokea, sikusema, akalipata kwa majirani. Ijumaa ya pili akajifunga ushungi akaenda mwenyewe, na mimi nikamfuata nyuma nikiwa nimekubeba, nikiogopa atanitia aibu zaidi.

Hakuketi. Alisema, "Kidawa, mimi na wewe tumechezwa unyago pamoja, nivumilie. Mke akitoka kwa mumewe kwa kiburi chake, amejitoa, na arudishe mahari. Sawa?"

"Sawa."

"Na mume akimnyima chakula, akamfungia mlango, yule mke akatoka kwa miguu yake mwenyewe. Kadhi atasema amejitoa?"

Bi Kidawa akasema, "Hapana. Huyo ametolewa, ijapokuwa miguu ni yake."

"Basi mtazame mtoto huyu." Akanifunua kanga mgongoni. Wanawake wakakuona miguu. Wengine walikuwa hawajakuona tangu arubaini yako, wakatoa sauti.

Bi Kidawa akauliza, "Mbona mama yake hakusema?"

"Kwa sababu mjinga. Kanirithi mimi."

Hapo ndipo watu walipocheka, na kile kicheko kilikuwa kingine kabisa. Lakini Bi Kidawa alikuwa mtu wa haki, hakutaka kuamua kwa machozi. Alisema atakwenda mwenyewe kuutazama mlango. Akaenda na wenzake wawili, adhuhuri, wakasimama pale nje ya komeo mpaka Salimu akatoka. Jioni akaja nyumbani kwetu na pishi ya mchele kichwani, yeye mkubwa mzima.

"Mlango nimeuona," akaniambia. "Pishi yako hii, na kila Ijumaa utaipata. Lakini yule kijana kaniambia neno, na si haki nilifiche. Kasema: 'Yule dada hakuniambia ana mtoto anyonyaye. Kaniambia kachoka. Angeniambia ningemfungulia.'"

Mpaka leo, Shabani, sijui kama ni kweli. Pengine alisema hivyo kwa kumwogopa Bi Kidawa, maana sote tulimwogopa. Lakini tangu siku ile aliwafungulia wenye watoto kila adhuhuri, na kulikuwa na wengine wawili waliokuwa wakiteseka kama mimi, kimya kama mimi. Nafasi yangu ilikuwa imekwisha kujazwa. Kama angefungua, mimi nilikinyima kinywa chake nafasi ya kusema ndiyo. Kama angekataa, nusu ya wanawake wa ghala wangemsikia akikataa, na Ijumaa ile hakuna ambaye angeniuliza kwa nini. Nilipoteza njia zote mbili kwa neno moja, "nimechoka", ambalo wala halikuwa kweli. Sikuwa nimechoka. Nilikuwa na mtoto mwenye njaa.

Nilipopika wali jioni ile, nilimkumbuka Mosi aliyeondoka mikono mitupu. Asubuhi nikagawa mchele nusu kwa nusu, nikakufunga mgongoni, nikashika njia ya Kerege.

Nilimkuta Mosi uani kwa kaka yake, anamenya mihogo. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa anapumua vizuri. Alinikaribisha, akanipa kigoda na maji, wala hakuniuliza kilichonileta.

Nikasema, "Nimekuletea mchele. Wa chama. Na mimi niliacha kazi."

"Nimesikia. Habari za mjini hufika huku."

"Mosi, lile neno nililokusemea..."

"Neno gani?"

Alilijua. Alitaka nilitamke. Nikalitamka, na nakuambia, maneno mawili matatu yanaweza kuwa mazito kuliko tumba la sufi lililolowa.

Akaendelea kumenya muhogo mpaka ukaisha. Kisha akasema, "Siku ile mchele haukuniuma sana, Mwanaisha. Nilikuwa nimepanga njia nzima namna ya kueleza. Nilikuwa natema damu. Nilimwomba Feruzi anitoe ndani, anipe kazi ya kuanika mbegu uani, akasema uani kumejaa. Nilitaka niwaambie hayo yote. Mlipocheka, nikaona damu yangu haisemeki tena pale."

Nikalia. Wewe ukaamka, ukalia pia. Mosi alikutazama, lakini hakukupakata, akageuzia uso pembeni, na nikajua anakukinga na pumzi yake. Baada ya mambo yote yale, alikuwa anakukinga.

"Mchele nitaupokea," akasema. "Msamaha usiniharakishe."

Sikumharakisha. Ijumaa iliyofuata nikasimama mbele ya chama nikaeleza habari ya Mosi, na nani aliyeifunga njia yake. Hakuna aliyenitetea, na nilishukuru. Bi Kidawa akaamuru Mosi apelekewe pishi yake Kerege kila juma, na tukapokezana kuipeleka. Sharti la mtungi halikufutwa, ila tangu hapo, akija mtu aliyeacha kazi, Bi Kidawa alianza kwa kusema, "Hebu tueleze ilivyokuwa," na aliyemkatiza alitolewa nje mpaka mwenziwe amalize. Wapo walioeleza na bado wakanyimwa. Lakini walimaliza kusema.

Mosi alikula pishi ile mpaka masika yalipokwisha, kisha akatuma ujumbe kwamba kifua kimetulia na sasa analima, tumpe mwingine. Mimi nikajifunza cherahani, nikivunja sindano nyingi mwanzoni, na hiyo ndiyo iliyokulea.

Mosi hakunitamkia msamaha hata siku moja. Ila siku ulipohitimu Kurani, nilipokuwa nimezongwa na masufuria, nilimwona anaingia na kapu la mihogo, akaketi jikoni kando yangu, akaanza kumenya bila kuambiwa. Ulipita na kanzu yako mpya. Akauliza, "Huyu ndiye aliyelia mlangoni?" Nikasema ndiye. Akasema, "Kumbe kasalimika," akachukua muhogo mwingine. Lori lenu kesho litapita Kerege. Sikuagizi kitu, nakuambia tu kwamba yupo.

Sasa, swali lako. Ukiacha kazi itakuwaje? Sijui, baba. Huko kwenu kuna mikataba ya kuandikiana, na nasikia mahali pengine ukiondoka kabla mkataba haujatimia, hata malipo ya siku ulizokwisha kuzifanya yanapotea. Na nasikia kuna ofisi ya serikali inayosikiliza mashauri ya wafanya kazi. Uliza hayo siku unayoingia, wakati bado wanakucheka kwa upole kwa ugeni wako. Anayeuliza siku ya kutoka hujibiwa na mwenye hasira.

Na ikiwa kuna kitu kinakuumiza, kipe jina lake. Ukiwa ni moshi wa risasi wanayoiyeyusha kutengeneza herufi za chapa, sema moshi. Ukiwa ni mkono wa mtu, sema mkono wa nani. Mwambie mwenye kazi, na mwenzako mmoja asikie. Utaona haya. Mimi niliona haya, na haya yangu yalikula mapaja yako. Kisha kama bado ni lazima uondoke, ondoka, wala mimi si mtu wa kukuambia mwanamume haachi kazi. Nilikosea kulisema, nalirudisha.

Na akija mwenzako akasema ameacha kazi, wewe mtu wa mzaha kama mama yako, meza mzaha wako kwanza.

Jambo moja zaidi, kwa sababu nakujua unavyopenda kujitwika. Usije ukawaza kwamba niliacha kazi kwa ajili yako, ukawa unatembea na deni huko Dar es Salaam. Mtoto hana deni la maziwa. Nilitoka mle kwa sababu ulilia na mimi nilikusikia, basi, na kati ya yote niliyoyafanya mwaka ule, kutoka ndiko pekee ambako sijakujutia.

Nasikia sauti yako njiani, unaagana na watu kwa mara ya pili na ya tatu, kama kawaida yako. Naomba Mungu akufungulie kila mlango utakaosimama mbele yake, na ule usiofunguka akupe ulimi wa kuugongea. Kazi ikikushinda, njoo. Utaoga kwanza, utakula kwanza, utalala mpaka jua liingie chumbani. Ukitaka kunieleza, nitakaa nikusikilize mpaka mwisho. Usipotaka, nitakuongezea mchuzi.

Mimi mama yako,
Mwanaisha binti Abdallah